Mzazi na Siku Zake: Kutoka Migombani Hadi Pasua

Katika Kiswahili cha pwani neno "mzazi" lina maana mbili. Ya kwanza inajulikana na kila mtu, nayo ni baba au mama wa mtoto. Ya pili ni ya ndani zaidi: ni mwanamke aliyejifungua karibuni na ambaye siku zake bado hazijatimia. Anayebisha hodi kwenye nyumba yenye kichanga na kuuliza, "Mzazi hajambo?" hamkusudii baba. Anamuulizia yule aliye chumbani, aliyefungwa tumbo, anayenywa uji wa pilipili manga na kukandwa kwa maji ya moto. Lugha imempa mwanamke huyo jina lake peke yake kwa muda wa siku chache tu, na siku hizo zikisha humvua jina hilo na kumwita tena mama fulani.

Jina hilo limezungukwa na maneno mengine ya ukoo wake. Mtoto wa kwanza huitwa kifungua mimba. Damu ya uzazi ni nifasi. Siku ya kutoka ni arobaini. Na kitambaa anachofungwa mzazi ili tumbo lirudi na mgongo ushike ni mkaja. Neno hili la mwisho linastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa ndilo hilohilo linalotajwa siku ya posa, pale upande wa mume unapotakiwa kutoa kilemba cha baba na mkaja wa mama. Miaka 20 au zaidi imepita tangu binti azaliwe, kitambaa chenyewe kimekwisha chakaa zamani, lakini deni lake bado linakumbukwa na hutakiwa kulipwa mbele ya mashahidi. Sehemu nyingi za bara nazo hutaja mbeleko ya mama katika orodha ya mahari. Kwa hivyo siku za mzazi, fupi kama zilivyo, zimewekewa kumbukumbu ya miaka mingi.

Makala hii inazifuatilia siku hizo mahali ambapo msomaji wa visiwani huenda asipafikirie: Pasua, kata ya mji wa Moshi iliyo upande wa kusini, pale mlima unapomalizika na tambarare ya miwa na mpunga inapoanza. Sababu ya kuichagua ni mbili. Pasua ni pahala ambapo desturi za mlimani na desturi za pwani zimekaa mtaa mmoja kwa muda mrefu. Na ni hapo ambapo katika miaka ya 2014 na 2015 mamia ya wanawake waliojifungua waliulizwa, siku ya arobaini ilipotimia, swali ambalo historia ilikuwa haijawauliza kwa maandishi.

Miezi mitatu ya mlimani

Wachagga wa zamani hawakuhesabu siku 40. Wao walihesabu miezi mitatu. Muda wote huo mama aliyejifungua alikaa ndani ya nyumba ya mviringo iliyoezekwa kwa majani, ambamo upande mmoja walilala watu na upande wa pili wakafungwa ng'ombe na mbuzi. Maji, kuni na chakula vililetwa na wengine, na mavyaa wake ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo yote ya uzazi.

Uzito wa mapumziko hayo hauonekani mpaka mtu ajue kazi iliyosimamishwa. Mwanamke wa mlimani alilima, alichota maji kwenye mifereji, alitunza migomba ya kihamba, na zaidi ya yote alishuka mpaka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani. Mnyama wa kufugwa ndani haendi malishoni. Malisho ndiyo yanayomwendea, na aliyeyapeleka alikuwa mwanamke. Alipokaa ndani miezi mitatu, mzigo ule haukutoweka. Ulihamia kwenye kichwa cha mwanamke mwingine: wifi, mke mwenziwe, au mama yake. Mapumziko ya mmoja yalikuwa kazi ya ziada ya wenziwe, na jambo hilo lilikuwa limekubaliwa tangu mwanzo kwa kuwa kila mmoja alijua zamu yake itafika au ilikwisha pita.

Chakula nacho kilikuwa na mpango wake. Kuandaa mnyama wa kuchinjwa lilikuwa jukumu la mume. Mzazi alipikiwa mtori, yaani ndizi mbichi zilizopondwa pamoja na nyama mpaka zikawa nzito kama uji. Alipewa mlaso, ambao ni damu iliyochanganywa na maziwa na mafuta, na supu ya kisusio, nayo ina damu ya mbuzi ndani yake. Mtaalamu wa lishe akivitazama vyakula hivi leo ataona madini ya chuma, protini na mafuta, vitu vinavyohitajika hasa na mwili uliopoteza damu na unaonyonyesha. Wanawake wa mlimani hawakuwa na majina hayo, lakini walijua nini kimetoka mwilini na nini kirudishwe.

Miezi mitatu ilipotimia, mzazi alitolewa nje. Maelezo ya kutoka huko yaliyohifadhiwa katika maandishi ni ya ajabu kwa uzuri wake. Alinyolewa nywele, akavikwa taji la shanga na vazi la ngozi la kale lililotiwa shanga, akapewa fimbo mkononi kama ile wanayoshika wazee. Kisha akaenda sokoni na mtoto wake, kwa mwendo wa polepole, na watu wakampokea kwa nyimbo za namna wanayoimbiwa mashujaa wanaorejea kutoka vitani.

Nyimbo za vita hazikuwa pambo tupu katika nchi hiyo. Karne ya 19 ilikuwa ya mapigano makali baina ya watawala wa mlimani, na majina ya Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi yalitisha mbali. Watu walijua vita ni nini, na walijua tofauti ya anayerudi na asiyerudi. Kumwimbia mwanamke nyimbo hizo ni kutamka hadharani kwamba alikwenda pahala ambapo angeweza kufa, na kwamba amerudi na mateka mdogo mkononi. Na pahala alipopelekwa palikuwa sokoni, penye wanawake wenziwe, penye macho na masikio ya nchi nzima.

Isidhaniwe kwamba yote yalikuwa mema. Uangalizi ule ule uliompa mzazi chakula uliweza pia kumtia mashaka makubwa. Mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliogopwa mlimani, kama vile pwani alivyoogopwa kigego, na pande zote mbili imani hiyo iligharimu maisha ya watoto. Mamlaka ya mavyaa yangeweza kuwa rehema au adhabu, kutegemea mavyaa mwenyewe. Na hapana taji la shanga lililoweza kuzuia homa ya uzazi au damu isiyokatika. Wengi hawakufika sokoni.

Waandishi waliosimama mlangoni

Mambo haya yamejulikana vipi? Kwa sehemu kubwa yaliandikwa na wanaume. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika Kilimanjaro mwaka 1902 na kuishi huko, kwa vipindi, mpaka mwaka 1938, akiandika mengi juu ya sheria na mawazo ya Wachagga. O. F. Raum alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto na malezi ya Wachagga. Pwani nako, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye mkono mkubwa katika maandishi ya desturi za Waswahili yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, na habari za uzazi zina nafasi yake humo.

Shukrani wanastahiki wote hao, kwani pasipo wao mengi yangepotea. Lakini chumba cha mzazi hakikuwa chumba chao. Waliandika waliyosimuliwa na waliyoyaona ya nje: chakula kilichopita mlangoni, mnyama aliyechinjwa, msafara wa kwenda sokoni. Ndiyo maana katika maandishi ya namna hiyo mzazi huonekana zaidi anapoingia na anapotoka, na husikika kidogo sana kwa siku zile za katikati. Sauti za wanawake wenyewe zilichelewa kupata karatasi. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walipochapisha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, yaani Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, kama walivyoyasimulia wenyewe, ndipo wasomaji wengi walipotambua ni kiasi gani cha historia ya pwani kilichokuwa kimekaa vyumbani bila ya kuandikwa.

Hesabu za siku

Idadi ya siku si jambo la bahati nasibu. Kwa Waislamu wa pwani, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Shafi, wingi wa nifasi ni siku 60, na ghalibu yake, yaani ilivyozoeleka kutokea, ni siku 40. Kwa Wakristo na Wayahudi, kitabu cha Mambo ya Walawi kimetaja jumla ya siku 40 kwa mama aliyezaa mtoto wa kiume na 80 kwa aliyezaa wa kike. Wachina wana desturi ya kukaa mwezi mzima ndani, na katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini huhesabiwa siku 40 kama pwani. Utabibu wa kisasa nao umefika karibu na hapo kwa njia yake: Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa ni kifo cha uzazi kile kinachotokea wakati wa ujauzito au ndani ya siku 42 baada ya mimba kumalizika.

Watu ambao hawakupata kuonana wameziwekea siku hizi mpaka unaokaribiana. Hapana shaka mwili wenyewe ndio uliowafundisha, kwani mji wa mimba huchukua takriban wiki sita kurudi hali yake. Lakini mwili haukusema nani apike, nani achote maji, na nani amwangalie mzazi usiku. Hayo kila jamii iliyaamua wenyewe, na ndiyo hayo yanayobadilika upesi zaidi pindi watu wanapohama.

Reli, kahawa na mji wa chini

Pwani na Kilimanjaro zimejuana kwa karne nyingi. Misafara ya Pangani na Mombasa ilipita chini ya mlima kabla ya Mzungu yeyote kuuona, na Johannes Rebmann alipouona mwaka 1848 alikuwa akiongozwa na watu wa pwani. Wamisionari Wakatoliki walijenga Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaanza kazi mwaka 1893. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kwa njia hiyo ya chuma walipanda mafundi, makuli, wafanyabiashara na wake zao, na pamoja nao Kiswahili, misikiti, kanga, na desturi ya kufunga mkaja.

Mlimani kwenyewe kahawa ilibadilisha maisha. Wakulima walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro, KNCU. Fedha ilileta shule na mabati, lakini haikuongeza ardhi. Kihamba kilirithiwa hasa na mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho. Wale wa katikati iliwabidi watafute pengine. Kadiri watu walivyoongezeka ndivyo wa katikati walivyokuwa wengi, na njia yao ilielekea chini, kwenye mji, kwenye mashamba ya sukari ya Arusha Chini, na baadaye kwenye mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini uliokamilika mwaka 1987 na kuigeuza Mabogini, jirani wa Pasua, kuwa nchi ya mpunga.

Hivyo ndivyo tambarare ambayo zamani mwanamke aliishukia kukata majani na kupanda tena ilivyokuwa makazi ya wajukuu zake. Pasua ni mtaa wa watu wa namna hiyo: Wachagga walioacha kihamba kwa kaka zao, Wapare walioshuka kutoka milima yao, watu wa Tanga na wa sehemu nyingine za nchi, Waislamu na Wakristo wakiwa ukuta kwa ukuta. Nyumba nyingi zina vyumba vya kupangisha. Mzazi anayejifungua katika chumba kimoja ana majirani tele, lakini mavyaa wake huenda yuko Rombo, na mama yake mzazi yuko Same au Pangani.

Katika mitaa kama hii desturi mbili zilibadilishana mavazi. Mtori ulishuka mlimani na kuingia katika jiko la kila kabila, na leo Tanzania nzima huujua kuwa ni chakula cha mzazi. Mlaso na kisusio havikuweza kuvuka kwa wepesi huo, kwani damu ni haramu kwa Mwislamu; kwa hivyo kilichopokewa na Waislamu ni ndizi na nyama iliyochinjwa kwa sheria, na damu ikaachwa ilikotoka. Pilipili manga na maji ya kukanda navyo vilipata wafuasi wasiokuwa watu wa pwani. Hata hesabu ilikutana njiani: miezi mitatu ya babu ilifupishwa, na neno arobaini likawa ndilo linalosemwa na wengi wa mjini, awe na dini gani.

Kilichokuwa kigumu kuhamisha ni mikono. Chungu cha mtori huweza kupelekwa popote, bali mtu wa kukaa na mzazi siku 40 hapelekeki kwa urahisi. Bibi akiondoka mlimani, migomba na ng'ombe hubaki bila mtu. Dada mtu yuko shuleni au kazini. Mume anayeishi kwa kibarua, akikosa siku moja, jioni hiyo jiko halitawashwa.

Hospitali na aibu

Mwaka 1971 ilifunguliwa hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC kwenye miteremko ya juu ya mji. Kujifungua hospitalini kuliokoa roho ambazo mkunga wa nyumbani asingeweza kuziokoa, na takwimu za nchi nzima zinashuhudia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika muda huo waliojifungulia kwenye vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Mtu yeyote anayeitamani zamani ni budi azisome namba hizo kwanza.

Hata hivyo hospitali humpokea mwanamke kwa saa au siku chache, halafu humrudisha nyumbani. Yanayofuata hayamo mikononi mwake. Mary Howard na Ann Millard, waliofanya utafiti wao Kilimanjaro na kuchapisha kitabu mwaka 1997, walieleza jambo la kusikitisha: katika mlima uliosifika kwa utajiri wa kahawa na elimu, walikuwako watoto wenye utapiamlo waliolazwa katika kitengo cha lishe cha KCMC kilichoitwa NURU, na mama zao walibeba aibu kubwa, kwani jamii iliuona utapiamlo kuwa ni kosa la wazazi. Waandishi hao walionyesha kwamba nyuma ya aibu hiyo palikuwa na ufukara, uhaba wa ardhi na kuvunjika kwa msaada wa ukoo. Zamani kumlisha mzazi lilikuwa deni la ukoo mzima. Deni lilipokosa wa kulilipa, lawama ilimwendea anayedai.

Swali la siku ya arobaini

Kati ya mwaka 2014 na 2015 watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Denmark waliwaandikisha wajawazito zaidi ya 1,000 katika vituo viwili vya afya vya Manispaa ya Moshi, Majengo na Pasua. Waliwahoji mapema katika ujauzito, wakawahoji tena wiki ya 34, kisha wakarudi kwao siku ya 40 baada ya kujifungua. Mara hiyo ya tatu walitumia kipimo cha maswali 10 kilichotungwa Edinburgh mwaka 1987. Maswali yake hayahusu tumbo wala maziwa. Yanauliza kama mama ameweza kucheka, kama ana jambo analolitazamia kwa furaha, kama hujilaumu pasipo sababu, kama hulia, kama usingizi umemkimbia, na kama imempitia fikra ya kujidhuru.

Majibu yalichapishwa mwaka 2017. Zaidi ya asilimia 12 ya wazazi hao walikuwa na dalili za sonona. Karibu theluthi ya wanawake walioshiriki walikuwa wamepata ukatili wa namna fulani kutoka kwa wenzi wao wakati wa ujauzito, na waliopata ukatili huo walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara tatu wa kuwa na dalili za sonona siku ya arobaini. Uchambuzi mwingine wa wanawake hao ulionyesha upande wa pili: waliokuwa na msaada mkubwa wa watu wao, na waliozungumza mara kwa mara na ndugu zao, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata ukatili.

Matokeo hayo yakisomwa pamoja na desturi za kale, maana yake hupanuka. Mavyaa, mama, wifi na bibi waliokuwa wakiingia na kutoka chumbani hawakuwa wapishi tu. Walikuwa pia macho. Nyumba yenye watu wengi wanaomhudumia mzazi ni nyumba ambamo mkono wa mume huonekana unapoinuliwa, na ambamo kimya cha mwanamke hutambulikana kuwa si cha kawaida. Siyo kwamba zamani ukatili haukuwako, wala kwamba kila mavyaa alikuwa mlinzi. Wapo waliokuwa chanzo cha machozi. Lakini mzazi aliyeko peke yake katika chumba cha kupanga, na ndugu zake wakiwa mbali, amepoteza mpishi na shahidi kwa pamoja.

Jambo la pili ni swali lenyewe. "Mzazi hajambo?" ni salamu, na jibu lake limekwisha pangwa: hajambo. Desturi ilimwandalia jibu ili asijisumbue kulitafuta, na kwa mwenye afya na furaha hilo latosha. Kwa yule asiyelala, anayemtazama mtoto wake bila ya kuhisi chochote na kuogopa kulisema hilo, jibu lililopangwa ni kizuizi. Wanawake wa Pasua waliokubali kujibu maswali 10 kwa ukweli walilifungua jibu hilo. Waliyoyasema yameingia katika maandishi kwa namba, bila ya majina, nayo ni miongoni mwa machache tuliyonayo kuhusu siku zile za katikati ambazo waandishi wa mlangoni hawakuziona.

Siku 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mwajiriwa wa Tanzania Bara likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Imekataza asifanye kazi ndani ya wiki sita baada ya kujifungua isipokuwa daktari athibitishe kuwa ni salama, na imempa muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku akisharejea kazini. Baba alipewa siku tatu. Mwaka 2025 marekebisho ya sheria yaliwafikiria pia wanaojifungua watoto njiti.

Atakayezipiga hesabu siku hizo ataona jambo la kufurahisha. Siku 84 ni wiki 12, yaani karibu sawa na miezi mitatu ya Wachagga. Wiki sita za kukatazwa kazi ni siku 42, yaani arobaini na siku mbili juu yake. Ijapokuwa watunga sheria hawakusema kwamba wanamfuata bibi wa mlimani au somo wa pwani, vipimo vyao vimekutana na vya wazee hao.

Tofauti ni kwamba sheria humdai mwajiri, na wanawake wengi wa mitaa kama Pasua hawana mwajiri. Muuza ndizi, muuza samaki, mama ntilie, mfua nguo za watu: kila mmoja ni mwajiri na mwajiriwa wa nafsi yake. Akiifunga meza siku 84, hapana wa kumlipa. Kwa hivyo wapo wanaorudi sokoni kabla ya arobaini, mtoto akiwa mgongoni ndani ya mbeleko, kwenye jua la tambarare. Soko ni lilelile ambalo mababu waliliona kuwa ndipo pahala pa kumtoa mzazi kwa heshima. Sasa hupita katikati ya watu bila ya fimbo wala shanga, akawahi nafasi yake kabla haijachukuliwa.

Hapo ndipo majirani wa Pasua wanapofanya ambalo sheria haikulifikia. Vikundi vya akina mama vya kuchangiana, vilivyoenea katika miji yote ya Tanzania, huwa na fungu la uzazi: kila mmoja hutoa kiasi kilichokubaliwa, na mzazi hupata fedha, sabuni, khanga na ndizi za mtori. Wachangiaji hawana undugu wa damu wala si wa dini moja. Wanachofanya ni kile kile kilichofanywa na wifi aliyeshuka kukata majani badala ya mwenziwe, yaani kubeba mzigo wa mtu kwa kujua kwamba zamu itazunguka.

Wazee husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Historia ya siku za mzazi inaonyesha kwamba kati ya kuzaa na kulea ipo kazi ya tatu, ya kumlea aliyezaa, na kwamba kazi hiyo daima ilikuwa ya watu wengine. Mlimani iligawiwa kwa ukoo, pwani kwa mama na somo na kungwi, na mjini bado inatafuta wenyewe. Mkaja hudaiwa siku ya posa, mbele ya wageni, baada ya miaka 20. Mzazi wa Pasua anahitaji ulipwe mapema zaidi: ndani ya siku 40 zenyewe, na mtu wa kukaa naye, asikilize jibu lake mpaka mwisho.